Jiwe Ndani ya Kahawa

Mahenge, 9 Februari 2025

Mpendwa Shangazi Ephrasia,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na goti lako la kushoto limeshapatana na la kulia. Mimi sijambo. Mvua ilitufungia njia ya Ifakara siku kumi, tukala ugali na majani ya maboga mpaka majani yenyewe yakatuonea huruma. Nisalimie binti yako Dativa, na ng'ombe wake mwenye mimba.

Nakuandikia kwa sababu uliyoisema mwenyewe: tangu masikio yako yaanze kuchoka, simu yako inasikilizwa na nyumba nzima. Mara ya mwisho nilikuuliza habari za tumbo, wakanijibu Dativa na jirani mmoja nisiyemfahamu.

Kahawa uliyompa Ildefons muuza dagaa imefika. Nilikitambua kifurushi kabla sijakipokea, maganda ya mgomba yaliyofungwa fundo mbili kama unavyofunga wewe. Natafuna mbegu mbili kila asubuhi kabla sijawasha mashine. Wenzangu wanacheka, wanasema Mhaya amekosa hata maji ya moto.

Habari ya msiba wa Baba ilinifikia imechelewa, Shangazi. Nadhani nilishakueleza kwenye simu. Kwa leo tuliache hapo.

Uliniuliza nachonga nini huku porini. Nakata jiwe linaloitwa spineli. Linakaa ndani ya marumaru nyeupe, ile ile mnayojengea makaburi. Wachimbaji hupasua kwa nyundo siku nzima, weupe juu ya weupe, halafu jioni nyundo inafungua kijichumba na wekundu unawatazama. Si jekundu tu. Lipo la waridi linalochangamka hata kwenye chumba chenye giza, lipo la zambarau, lipo la buluu ambalo nimeliona mara mbili maishani, na lipo jeusi ambalo watu hulidharau mpaka likatwe ndipo waliombe radhi. Mengi hutoka ardhini yana nyuso nane, pembetatu kila uso, zinang'aa kabla fundi hajazigusa. Mnunuzi mmoja kutoka Asia aliniambia kwao wazee husema mawe haya yamekatwa na mizimu. Sikubishana naye.

Nikiinama kwenye sahani ya kukatia, maji yanadondoka, nachungulia ndani ya jiwe na kuna siku naona ukungu wa Rubya, ule wa alfajiri unaoacha vichwa vya migomba tu. Nakaa humo mpaka mwenzangu akohoe.

Mwanao wa mbali,
Julius wa Protase


Rubya, 2 Machi 2025

Mwanangu Julius,

Marahaba, baba. Sisi tupo. Goti linakusalimu. Ng'ombe wa Dativa amezaa dume, kwa hiyo nyumbani kuna maziwa na kelele. Askofu alikuja kutoa kipaimara, mvua ikamnyeshea naye akanyesha mahubiri, tukatoka kanisani saa nane.

Umeandika "fundo mbili". Fundo, mafundo. Mafundo mawili. Miaka thelathini na mmoja nilisimama mbele ya darasa la nne nikifundisha ngeli, na mwaka mmoja wewe ulikaa dawati la mbele. Usiniaibishe. Bahasha zako hazigandi vizuri na Ildefons ni mdaku kama watu wengi wa kule Kimwani.

Habari za mawe nimezisoma mara tatu. Mara ya tatu nilisoma kwa sauti nikiwa peke yangu kwenye migomba, na sikuona haya. Baba yako angependa kile kijichumba chenye wekundu. Asingekuambia, lakini angependa.

Sasa sikiliza. Ukoo utakaa Jumamosi tarehe 16 Agosti kumsimika mrithi wa kibanja cha baba yako, shamba na nyumba. Marehemu alisema kwa kinywa chake, mbele ya padri na mbele yangu: kibanja ni cha Julius. Lakini binamu yako Gozbert ana watu wake. Gozbert ndiye aliyefyeka migomba ile miaka minne ya ugonjwa, akamwogesha baba yako, akamgeuza kitandani. Anasema asiyefukia kaburi hawezi kurithi nyumba. Nikupe haki yako ya kujua: wengi wanamsikiliza, na siku nyingine hata mimi.

Kibanja ndicho kinachoshika makaburi. Kaka yangu Protase amelala pale, na mama yako Vestina amelala pale, chini ya mikahawa waliyoipanda wao. Usipokuja, mrithi ni Gozbert, na wewe utakuwa mgeni anayebisha hodi ili aone kaburi la wazazi wake. Hilo tu ndilo ninalokuuliza, baba. Unakuja au huji?

Hujaniambia habari ya msiba ilichelewa kwa siku ngapi. Siulizi. Nimesema tu hujaniambia.

Shangazi yako,
Ephrasia Kokushubila


Mahenge, 30 Machi 2025

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Barua yako imefika na harufu ya moshi wa jikoni, nikaiweka chini ya mto. Hapa hatujambo. Mwenzangu wa kazi, Muhidini, ameoa, tumekula pilau siku mbili. Hongera kwa dume.

Kuhusu kikao, nafikiri. Usinikasirikie, nafikiri kweli.

Acha nikusimulie jambo. Zamani, jiwe lolote jekundu lenye kung'aa liliitwa rubi. Wafalme waliyaweka mawe hayo kwenye mataji, wakapigana vita wakiwa wameyavaa. Lipo moja kubwa, kama yai la kuku, limekaa mbele kabisa kwenye taji la wafalme wa Uingereza kwa mamia ya miaka. Baadaye wataalamu wakapata akili ya kupima, wakagundua si rubi. Ni spineli. Mawe yote mawili hulala kwenye marumaru moja, yanapata wekundu wao kwa kitu kilekile kidogo kilichoingia wakati jiwe likikua, na hata mtu mwenye macho mazuri hawezi kuyatofautisha. Lakini moja si jingine.

Nikiwa mwanafunzi Arusha nilimuuliza mwalimu, je, walipogundua walilifanya nini lile jiwe? Akasema hawakulifanya kitu. Liko palepale.

Juzi nimemwota Baba. Alikuwa ndani ya shimo la marumaru, amevaa koti lake la kanisani, anachuma kahawa kwenye ukuta wa jiwe. Kila tunda alilochuma lilikuwa spineli. Akanipa kikapu nishike, akaniambia, "Angalia usichanganye." Nikaamka mikono yangu imekunjwa kama inashika kikapu. Hata mchana ule nilikuwa naifungua vidole taratibu nisije nikamwaga.

Mwanao,
Julius wa Protase


Rubya, 21 Aprili 2025, Jumatatu ya Pasaka

Julius,

Kristo amefufuka. Tumekula samaki na ndizi, Dativa akaunguza mchuzi, tukamsifu hivyo hivyo.

"Nilikuwa naifungua vidole" si Kiswahili. Ulikuwa unavifungua. Lakini leo sina nguvu ya ngeli.

Nauliza: nani amekutuma kuniandikia habari za mataji na mawe yaliyoitwa majina yasiyo yao? Ildefons amekuambia nini? Yule ni wa Kimwani, na watu wa Kimwani wana kumbukumbu ndefu. Kama kuna mtu amekuambia kitu, niambie kwamba amekuambia. Kama hakuna, basi hakuna.

Hukunijibu. Umenipeleka Uingereza na kunirudisha, kikao hujakigusa. Kwa hiyo namkabidhi Ildefons kifurushi kingine cha kahawa. Hiki si cha kutafunia kazini. Umelelewa hapa, unajua: aliyeletewa kahawa akaipokea, amekubali kuketi na wewe. Akiirudisha, hajakataa kahawa, amekukataa wewe. Tafuna, nami nitajua kwamba unakuja. Sihitaji barua ndefu.

Nimefunga mafundo mawili.

Ephrasia


Mahenge, 18 Mei 2025

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Hakuna mtu aliyeniambia kitu. Ildefons huongea dagaa na bei ya mafuta tu. Ulinishtua.

Kahawa nimeipokea na nimeitafuna. Siku moja moja, mbegu mbili mbili, na kila niliyoitafuna nilisema ndiyo. Nitakuja Agosti.

Sasa nakutumia kitu, na nataka ucheke kwanza. Mwezi uliopita wachimbaji wameniletea spineli ambayo sisi huiita pacha. Hutokea mara chache: mawe mawili yanakua yamegusana uso kwa uso, moja limeelekea huku, jingine kule, yanakuwa kitu kimoja bapa chenye pembe tatu. Mstari wa katikati unauona ukiligeuza juani. Nilipolishika mara ya kwanza nilidhani nimeshika tunda la kahawa lililoiva, zile mbegu mbili zilizolaliana matumbo. Rangi yenyewe ni hiyo hiyo. Nikakaa nalo kizingitini hadi chai yangu ikapoa. Sikulikata. Fundi anayekata pacha lazima amuue mmoja.

Ni lako. Lakini kulituma jiwe kwenye basi ni kulitupa, kila mtu anajua watu wa Mahenge wanabeba nini. Kwa hiyo nimetumia akili ya kwetu: nimelifunga ndani ya kifurushi chako kilekile, nikalifunika na mbegu chache nilizobakiza, nikakaza maganda kama ulivyofanya. Nani atapekua kahawa kavu? Mzigo utatangulia na barua hii itakuwa mkononi mwa Ildefons. Ukisoma hapa, fungua.

Baba aliwahi kuniambia mawe hayana shina wala mzizi. Ningependa angeliona hili.

Nakuja.
Julius wa Protase


Rubya, 22 Juni 2025

Julius,

Sina salamu.

Jana mtu wa basi ameniletea kahawa yangu. Kifurushi changu, maganda yangu, mafundo mawili. Hakuna barua. Hata mstari mmoja hukuniandikia. Dativa alitaka kukifungua, nikamzuia, nikakining'iniza kwenye dari la jikoni, penye moshi. Sikifungui. Usiku kucha nimekitazama kwa macho ya moyo, na asubuhi nimesema, sawa, kumbe anajua.

Umesikia kutoka Kimwani. Na mimi mjinga nikadhani habari za mataji ni ndoto zako za kawaida. Ulikuwa unaniambia, siyo? Jiwe lililoitwa jina lisilo lake. Ungeniuliza tu. Nina miaka sabini na sita, Julius, nastahili kuulizwa.

Basi ulisikie kutoka kwangu, lisikufikie vipande vipande.

Baba yako Protase alikuwa na rafiki, Isaac, fundi seremala wa Kimwani. Mwaka wa sabini na nne mto ulifurika, Protase akachukuliwa na maji, Isaac akaingia akamtoa. Kahawa zilipoiva wakala omukago, udugu wa damu. Wakati ule vijana walikuwa bado wanaufanya, mapadre wakijifanya hawaoni. Walipasua tunda moja la kahawa. Kila mmoja alijichanja chini ya kitovu, akapaka mbegu yake damu, akampa mwenzake ameze. Tangu siku hiyo wakawa ndugu kuliko ndugu wa tumbo. Walioshiriki tunda moja hawawezi kunyimana kitu, na mtoto wa mmoja ni mtoto wa mwingine.

Mwaka wa themanini na saba Isaac alikufa, na mkewe akamfuata kabla ya majani ya kaburi kunyauka. Ni ule ugonjwa ambao siku zile watu waliutaja kwa kunong'ona. Waliacha mtoto wa miezi minane. Watu wa Kimwani waliogopa hata kumshika. Protase alikuwa anafanya kazi Karagwe, akanitumia ujumbe, tukaenda pamoja. Mimi ndiye niliyekubeba mgongoni kutoka Kimwani, Julius. Ulilala njia nzima. Vestina alikupokea mlangoni kule Karagwe, hakuuliza kama unaumwa, aliuliza kama umekula. Waliporudi Rubya mwaka uliofuata walikuwa na mtoto, na hakuna aliyehesabu miezi.

Tulinyamaza kwa sababu kibanja cha ukoo hukabidhiwa kwa damu. Gozbert akijua, imekwisha. Protase aliniapisha, nikaapa. Miaka thelathini na minane nimekuwa na nyuso mbili, mmoja wa mchana na mmoja wa kanisani, na sijutii hata siku moja.

Umeirudisha kahawa. Ni haki yako. Lakini jua kwamba aliyerudishiwa ni mwanamke aliyekubeba.

E. K.


Rubya, 3 Julai 2025

Mwanangu, Julius wangu,

Ikiwa bado hujafungua barua yangu ya tarehe 22 Juni, nakuomba uichane. Usiisome. Itupe motoni, usijisumbue hata na makosa ya herufi.

Ildefons amekuja jana, amekonda kama ufito. Malaria ilimwangusha Morogoro. Mzigo aliutanguliza kwenye basi, barua yako ikabaki kwenye mfuko wa koti wiki tano zote alizokaa kwa dada yake. Nimeisoma nimesimama. Nikapanda juu ya kigoda na goti hili, nikakitoa kifurushi kwenye moshi.

Leo nimekwenda Bukoba kwa sonara Haidari, yule ambaye babu yake alitoka pwani. Nilitaka mtu mwingine alione, nihakikishe sioti. Alilishika kwa koleo, akalichungulia kwa kidude kama kidole gumba. Akaniambia babu yake aliita kila jiwe jekundu yakuti na alikufa akiamini hivyo. Akaniambia rubi, ukiichungulia kwa kidude kile, inakuonyesha wekundu wa namna mbili. Hili linaonyesha mmoja, hata uligeuze vipi. Akalimulika na taa ya zambarau, likawaka lenyewe kama kaa la moto. Akasema kuna spineli za kiwandani zimejaa kwenye pete za watu mjini, lakini hili limezaliwa, hakuna kiwanda kitakachokutengenezea pacha namna hii. Akasema ni gumu, halipasuki ovyo, na mara nyingi halipikwi motoni kurekebishwa rangi kama mawe mengine, unalivaa lilivyo. Nikamwambia silivai. Akauliza nani analituma jiwe kama hili ndani ya kahawa. Nikasema mwanangu.

Nilipotoka dukani nilikaa ufukweni kwenye upepo wa ziwa, jiwe kwenye kiganja, mpaka basi la Muleba likataka kuniacha. Mkosi gani huu? Siri ya miaka thelathini na minane nimeitoa kwa sababu ya koti la muuza dagaa.

Ichane, baba.

Shangazi yako mzee


Mahenge, 27 Julai 2025

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo.

Barua yako ya kwanza ilifika mapema. Ya pili, inayoniomba niichane, ilifika siku tisa baadaye. Niliisoma ya kwanza. Niliisoma nimekaa kwenye rundo la marumaru iliyopasuliwa, na nilipomaliza nikaendelea kukaa. Muhidini alinifunika shati, akadhani nina homa.

Ni kosa langu. Ulinieleza maana ya ile kahawa, nikaitafuna nikiwaza jiwe, nikakurudishia kifurushi kama mtoto asiyelelewa. Nisamehe.

Sikujua, Shangazi. Nakuapia. Wiki hizi sikukata jiwe hata moja. Nilikuwa nakwenda mtoni kutazama maji, nalala, namwota mtu anayepiga randa mbao na haonyeshi uso. Nilihuzunika, nikakukasirikia, nikamkasirikia marehemu. Halafu siku moja nikiwa naosha uso nikakumbuka lile neno, kwamba Mama hakuuliza kama naumwa, aliuliza kama nimekula. Nililia hapo hapo na sabuni machoni.

Umeniambia la kwako, nami nikuambie la kwangu. Habari ya msiba haikuchelewa. Nilipigiwa asubuhi ileile. Basi lilikuwepo, nauli ilikuwepo. Mara ya mwisho Baba aliponiambia mawe hayana mzizi, niliapa nitarudi siku nitakayokuwa na jiwe la kumwekea mkononi anyamaze. Miaka ikapita, sikupata jiwe la kutosha. Alipokufa niliona haya kufika mkono mtupu. Hiyo ndiyo sababu yote. Gozbert yuko sahihi kuhusu mimi.

Nakuja kwenye kikao, na nitawaambia. Najua uliapa, mimi sikuapa. Lile jiwe la taji walilibakiza palepale, lakini siku hizi kila anayelitaja anasema ni spineli. Nikikalia kiti cha Baba kwa jina la damu yake, kila atakayekohoa atanishtua mpaka nife. Wakininyima kibanja, wameninyima. Nitabisha hodi kwa Gozbert nione kaburi.

Kifurushi umekifunga tena mafundo mawili? (Umeona, nimekumbuka ngeli.)

Julius wa Isaac, wa Protase


Rubya, 25 Agosti 2025

Mwanangu Julius,

Marahaba ya safari. Natumaini umefika Mahenge salama. Dume la Dativa limekula kitambaa cha madhabahu ya Legio ya Maria, tunatafuta namna ya kuungama.

Uliondoka Jumanne na uso wa mtu aliyeshindwa, na mimi nilikuacha uondoke hivyo. Bado naiona ile Jumamosi. Ulisimama katikati yao, ukasema kila kitu, jina la Isaac, Kimwani, mgongo wangu, na hata lile la mabasi yaliyokuwepo. Nani alikuambia uongeze la mabasi? Hakuna aliyekuuliza. Gozbert akainuka, akachukua kofia yake, akatoka bila kuaga. Wazee wakasema watakaa tena Septemba. Mimi nilijua maana ya Septemba ni hapana.

Jana baada ya misa Gozbert amekuja. Hakuketi. Aliniuliza, "Shangazi, Isaac huyo, alikuwa anamwita Baba Mdogo Protase jina gani?" Nikamwambia hawakuitana majina, walioshiriki tunda huitana ndugu. Akavua kofia. Halafu akanisimulia. Mwaka ule wa mwisho, alipokuwa akimgeuza marehemu kitandani, marehemu alikuwa anafumbua macho anamwambia, "Ndugu yangu, mtoto mzima. Isaac, mtoto ni mzima." Kila siku. Gozbert alidhani ni homa. Alikuwa anamjibu ili atulie, anamwambia, "Asante, ndugu yangu, umemlea." Kumbe amejibu kwa niaba ya baba yako Isaac mwaka mzima bila kujua.

Alilia, Julius, mwanamume mzima, na kofia mkononi. Kisha akafungua kiganja. Alikuwa na tunda moja la kahawa, jekundu, amelichuma kwenye mkahawa ulio kichwani pa kaburi. Akasema, "Migomba naijua mimi. Kaburi ni lake. Nitawaambia wazee hivyo, asiyetaka aende akafyeke mwenyewe." Kasinge, asante mwanangu, nikamwambia, kasinge.

Akalipasua tunda kwa meno. Damu tumeiacha, mapadre wa siku hizi wanaona. Mbegu moja ameitafuna mbele yangu, mbichi, na uchungu wake wote, macho yakamtoka.

Ya pili nimeifunga kwenye karatasi hii. Ildefons ameapa kwa Bikira kwamba safari hii hataiweka kwenye koti.

Usiirudishe.

Shangazi yako aliyekubeba,
Ephrasia Kokushubila